Simu Iliyokataa Nyumba ya Wegesa

Sehemu ya saba

Kwa aliyenikosa wiki iliyopita, nimrudishe njiani kwa maneno machache. Mwaka 2014 nilikuwa fundi simu pale Nkende, mjini Tarime. Kuandika programu nilijifunza mwenyewe, kwa simu mbovu ambazo wateja walizitelekeza kibandani. Kibanda kikaungua. Laptop ya kwanza ikaibiwa. Mchumba akaolewa Sirari. Nilipokuwa sina mbele wala nyuma, Faustino akanipa kazi. Huyu ni mtu wa Bukoba aliyekuja Mara kufuata dhahabu, akaishia kushika zabuni za upimaji. Alitaka programu ya kuandikisha mashamba ya vijiji kwa simu za kugusa, ili wanakijiji wapate hati. Nikaiandika, ikafanya kazi, nikadhani mikosi imenichoka.

Niliishia pale Hilaria, mmoja wa wapimaji wa Faustino, aliponipigia.

“Selestine, njoo Genkuru leo hii. Kuna mama amekaa juu ya jiwe la mpaka. Anasema hanyanyuki mpaka amwone aliyeifundisha simu yangu.”

Nilipanda bodaboda, nikafika saa nne asubuhi. Ilikuwa Alhamisi.

Mama mwenyewe, Bibi Wegesa, alikuwa amekaa kweli juu ya jiwe, jembe limelala magotini. Hatua kumi nyuma yake mwanamke wa miaka kama thelathini alikuwa anapalilia mahindi kana kwamba hakuna lililotokea. Hilaria alisimama katikati yao, simu mkononi, uso umemshuka.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Wewe ndiye uliyeifundisha simu?”

“Ndiyo, bibi.”

“Mbona mwembamba hivi? Nilijua ni mtu mzima mwenye miwani. Kaa chini, mura, kijana wangu. Mimi siongei na mtu aliyesimama kama askari.”

Nikakaa kwenye udongo.

“Jana nimesomewa orodha pale ofisi ya kijiji,” akasema. “Shamba namba mia na kumi na saba. Mwenye shamba, Heche. Msimamizi, Nchagwa. Wakanyamaza. Nikauliza, na mimi? Wakasema mstari umeishia hapo, mama.”

“Heche ni nani, bibi?”

“Mume wangu. Nimemzika huu mwaka wa kumi na tisa. Nchagwa ni mdogo wake, yuko Ikoma kwenye hoteli ya watalii. Jembe la hapa hajawahi kulishika, hata kulitoa tu juani.”

“Na yule anayepalilia?”

“Yule ni Nyangi. Mke wangu.”

Msomaji wa mbali asishangae. Kwetu Wakurya, mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng’ombe akaoa mke. Watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake, na mali yake ni yao. Tunaiita nyumba ntobhu. Bibi Wegesa alizaa mabinti wanne. Walipoolewa, ng’ombe wa mahari yao ndio waliomleta Nyangi. Nyangi ana wavulana wawili, na siku ile walikuwa shuleni.

Hilaria si wa huku. Ni wa Kasulu, na alikuwa na miezi minne tu Mara.

“Mimi sikujua mambo haya, Selestine,” akasema. “Nilimuuliza mama mwenye shamba ni nani, akasema mimi. Mwenza ni nani, akasema Nyangi. Nikaandika. Simu ikaniambia, mwenza wa mwanamke ni mwanaume, rudia. Nikarudia, ikasema vilevile. Nikajaribu kumwandika Nyangi kama mkwe. Ikataka jina la mtoto wa kiume aliyemuoa.”

“Ambaye hayupo,” nikasema.

“Hayupo! Nikasema basi nimwandike mama peke yake, mjane. Akakataa.”

“Nilikataa,” Bibi Wegesa akadakia. “Nikifa kesho, Nyangi atakuwa nani hapa? Mgeni? Na wale watoto wataitwa wa nani?”

“Ndipo nikamwandika marehemu kuwa mwenye shamba, ana wake wawili. Simu ikapokea palepale.”

“Maiti mwenye wake wawili imempokea,” Bibi Wegesa akasema. “Mimi mzima, nimeshika jembe, imenikataa.”

Hilaria akainamisha kichwa. “Kisha ikataka mwanaume wa ukoo wa kusimamia, na namba yake ya simu. Mama mwenyewe akanipa namba ya shemeji yake. Hatukujua kwamba karatasi ya kubandikwa ina nafasi ya majina mawili tu.”

Mimi nilijua. Karatasi ile niliipanga mimi.

“Mwisho wa pingamizi ni lini?” nikauliza.

“Kesho Ijumaa, saa kumi jioni. Baada ya hapo ni hati.”

Na hati ikishatoka na majina yale mawili, mmoja kaburini na mwingine Ikoma, Bibi Wegesa na Nyangi wangekuwa wanalima shamba la Nchagwa.

Bibi Wegesa akanigeukia.

“Sasa niambie, mura. Nani aliiambia hiyo simu kwamba mimi siwezi kuwa na mke?”

Nilijibu haraka mno. “Ni mtambo, bibi. Mitambo hukosea.”

“Mtambo,” akasema, akamgeukia Nyangi. “Umesikia? Tumenyang’anywa shamba na mtambo. Nilidhani angalau ni mtu.”

Nyangi aliendelea kupalilia.

Hapa ndipo ninapofika kwenye jambo ambalo kwa wiki sita nimelizunguka.

Simu tulizopewa zilikuwa zile za kugusa za mwanzo mwanzo. Kioo kidogo, memori ndogo, ukifungua kurasa nyingi zinaganda. Faustino alitaka mtu mmoja aandikishwe kwa dakika kumi. Kwa hiyo nilikaa nikahesabu maswali, nikatafuta la kupunguza. Nikaona swali la jinsia ya mwenza halina kazi. Mwenye shamba akiwa mwanamke, simu yenyewe ijaze kwamba mwenza ni mwanaume. Akiwa mwanaume, ijaze mwanamke. Nikafuta ukurasa mzima, na simu ikawa nyepesi. Siku ile nilijipongeza kwa soda.

Kisha nikafanya majaribio. Mimi ni mtu wa majaribio. Hakuna kitu kilichotoka mikononi mwangu bila kujaribiwa. Jaribio la kwanza niliingiza nyumba yetu ya Nyarero.

Simu ilikataa.

Ilikataa kwa sababu mimi pia nimezaliwa nyumba ntobhu. Mama yangu, Eunice, aliolewa na mwanamke aitwaye Mogesi. Shuleni, penye nafasi ya jina la baba, niliandika jina la mume wa Mogesi, mtu aliyekufa miaka sita kabla sijazaliwa. Mwalimu mmoja alipiga hesabu mbele ya darasa, wakacheka mpaka kengele ikalia. Tangu siku hiyo sikumwambia mtu. Faustino hakujua. Mchumba wangu hakujua.

Kwa hiyo simu ilipokataa nyumba yetu, nilikuwa nimeshaona kosa, miezi mitano kabla ya Genkuru. Ilibaki kurudisha ukurasa mmoja tu. Lakini kuurudisha kulitaka maelezo kwa Faustino: kwa nini, nani kakwambia, umejuaje. Nikaona aibu.

Nikaacha programu ilivyo. Nikaibadilisha nyumba yetu. Nikamwandika Mogesi mwanaume, simu ikakubali, nikaandika kwenye daftari langu: jaribio la kwanza, limepita.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Haukuwa mtambo.

Pale shambani nilimwambia Hilaria anipe nusu saa. Nikafungua laptop kivulini, chaji ikiwa chini ya nusu. Nikarudisha ukurasa, nikaondoa amri ya kukataa, nikaunganisha waya, nikapandisha toleo jipya kwenye simu yake.

“Jaribu sasa.”

Hilaria akaandika. Mwenye shamba, Wegesa, mwanamke. Mwenza, Nyangi, mwanamke. Kioo kikafikiri kidogo, kikageuka kijani.

“Imekubali! Bibi, imekubali!”

Bibi Wegesa akanyanyuka kwenye jiwe kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. “Kumbe inafundishika,” akasema, akacheka, akanipiga begani kwa kiganja kigumu kama ubao. “Mura, utakula kwangu leo.”

Nami nikacheka. Sikumwambia chochote. Nilifikiri kosa nimeshalifuta, na lililofutwa halina haja ya kusemwa.

Hatukumaliza hata kufunga laptop. Simu ya Bibi Wegesa, ile ya vitufe, ikalia ndani ya kanga. Akaiweka sauti ya nje.

“Shemeji, shikamoo. Nchagwa hapa. Eti, nimepata meseji.”

“Meseji gani?”

“Inasema, ndugu, shamba namba mia na kumi na saba lenye jina lako limewekewa pingamizi. Fika ofisi ya kijiji. Shemeji, tangu lini nina shamba?”

Hilaria akanitazama. Mimi nikatazama chini.

Meseji ile niliiandika mimi. Shamba moja likiandikwa mara mbili kwa majina tofauti, programu humjulisha kila aliyetajwa, ili pasiwe na mtu wa kudhulumiwa kimyakimya. Niliona ni jambo la haki. Nchagwa alikuwa hajui lolote. Kama nisingegusa kitu, pengine angeendelea kutojua hata baada ya hati. Sasa alijua.

“Ni makosa tu, shemeji,” Bibi Wegesa akasema. “Wanarekebisha.”

“Aa, hapana, usisumbuke. Nitakuja mwenyewe kesho.”

Ijumaa saa saba mchana ofisi ya kijiji ilikuwa imejaa. Mwenyekiti, Mzee Nelson, alikaa nyuma ya meza na wajumbe wawili. Bibi Wegesa na Nyangi walikaa benchi moja. Nchagwa aliingia na sare ya hoteli, vumbi la barabara ya Mugumu limemfika kwenye nyusi. Nilitarajia mtu mkali. Alikuwa mchangamfu, akamsalimia kila mtu kwa mkono.

“Mimi sikuomba shamba,” akaanza. “Nilikuwa nabeba begi la mzungu, begi zito kama kaburi, simu ikalia. Serikali inaniambia nina shamba. Nikaliweka begi chini. Mzungu akauliza, Nchagwa, kuna tatizo? Nikamwambia hapana, kuna shamba.”

Watu wakacheka. Hata Bibi Wegesa alibana midomo.

“Lakini njiani nimefikiri,” akaendelea, sasa polepole. “Kaka yangu alilifyeka shamba hili kwa mikono yake. Kama kompyuta imetazama ukoo wote ikasema ni Nchagwa, mimi ni nani wa kubishana nayo?”

“Kompyuta haijatazama ukoo,” Bibi Wegesa akasema. “Imekosea.”

“Nani kasema imekosea?”

“Fundi yule pale.”

Vichwa vyote vikanigeukia. Mzee Nelson akavua kofia.

“Kijana, mimi siwezi kufuta jina la mtu kwa maneno ya pembeni. Ninayo fomu ya pingamizi. Kuna sehemu inasema, sababu ya kosa, na jina la aliyelifanya. Kama kosa ni la Hilaria, aandike. Kama ni lako, andika. Kama hakuna aliyekosea, orodha inabaki.”

Nikaomba ruhusa ya kutoka dakika moja, nikampigia Faustino. Nikamweleza yote, isipokuwa la Nyarero.

“Selestine, sikiliza, bwana,” akasema kwa upole, kama kawaida yake. “Usiandike neno kosa. Andika maboresho.”

“Fomu inauliza kosa.”

“Vijiji kumi na viwili vimepimwa kwa programu ile. Ukiandika kosa hapo Genkuru, kesho wote watarudi kwenye orodha zao. Mradi utafungwa. Utanifunga na mimi. Mwachie yule binti aandike alichanganya majina. Ni kibarua tu, atapata kazi nyingine.”

“Hakuchanganya.”

“Najua. Mimi simchukii. Nakwambia tu njia iliyo rahisi.”

Sikumhukumu Faustino siku ile, na leo pia simhukumu. Ana watoto sita, na mimi nilikuwa nimefanya vilevile miezi mitano nyuma kwa sababu ndogo zaidi. Nilirudi ndani. Hilaria alikuwa ameshashika kalamu.

“Niache niandike, Selestine,” akaninong’oneza. “Yaishe.”

Nikaichukua kalamu mkononi mwake.

“Mzee, kosa ni langu,” nikasema. “Na si la bahati mbaya.”

Nikawaeleza. Ukurasa nilioufuta, jaribio la kwanza, jinsi nilivyomwandika Mogesi mwanaume. Nikawaambia mimi ni mtoto wa nani. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema mbele ya watu tangu siku ya yule mwalimu, na sauti yangu, ambayo hata siku za kawaida ni ndogo, ilikuwa karibu haisikiki. Mjumbe mmoja aliniambia niongeze sauti. Nikaongeza.

Hakuna aliyecheka.

“Kwa hiyo ulijua,” Bibi Wegesa akasema.

“Nilijua, bibi.”

“Jana umekula ugali wangu ukijua.”

“Ndiyo, bibi.”

Akageuza uso dirishani. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote niliyosimulia wiki sita zilizopita.

Mzee Nelson aliisoma fomu yangu mara mbili, akagonga mhuri. “Pingamizi limepokelewa. Sasa ili jina la zamani litoke, hili jipya likamilike. Saa ngapi?”

“Tisa na nusu,” Hilaria akasema. “Umebaki ukurasa mmoja, ambao jana hatukuufikia.”

Ukurasa wenyewe ulikuwa wa mwenza. Niliuweka tangu mwanzo na sikuwahi kuufuta: mwenza asome mwenyewe, abonyeze mwenyewe, kisha apigwe picha. Hilaria akampelekea Nyangi simu.

Kabla hajaipokea, Nchagwa akainuka.

“Nyangi, neno moja, mbele ya watu wote. Ukiandikwa mke wa marehemu kaka yangu, kama ilivyokuwa jana, mimi nitasimamia mpaka wavulana wako wakue, kisha shamba ni lao na lako. Sitaki hata gunia. Nitasaini hapahapa. Hutaamka tena kwa sauti ya mtu anayekuamuru ukalime.”

“Nchagwa!” Bibi Wegesa akasimama.

“Shemeji, namuuliza yeye.”

Nyangi aliipokea simu. Alimaliza darasa la saba. Alisoma polepole, midomo ikitembea. Swali lilikuwa fupi: Umekubali kuandikwa mwenza wa mwenye shamba huyu? Chini yake, Ndiyo na Hapana.

“Hili swali ni langu?” akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake.

“Ni lako, dada,” nikasema.

“Si la mama?”

“Ni lako peke yako.”

Akaiangalia tena. “Nina miaka kumi na miwili katika nyumba hii. Siku walipokuja na ng’ombe, baba aliulizwa. Wajomba waliulizwa. Hata jirani aliulizwa kama ng’ombe wale wana ugonjwa.”



“Nyangi, mwanangu,” Bibi Wegesa akasema, na sauti yake ya jana, ile ya juu ya jiwe, haikuwepo. “Nimekukosea nini? Muda unakwisha. Bonyeza.”

“Sijasema umenikosea, mama.”

Kidole chake kilisimama juu ya kioo. Kioo kikafifia, kama nilivyokipanga kifanye ili kutunza chaji. Nikanyoosha mkono nikakigusa, kikawaka tena. Saa tisa na dakika hamsini.

Nyangi akaipumzisha simu mapajani, akaniangalia mimi. Hakumwangalia Nchagwa, wala Bibi Wegesa.

“Fundi, umesema mama yako naye aliolewa hivi.”

“Ndiyo.”

“Angepewa simu hii siku ile, angebonyeza wapi?”

Bibi Wegesa alinigeukia. Nchagwa aliinama mbele kwenye benchi. Kama ningesema mama angebonyeza Ndiyo, Nyangi naye angebonyeza, na shamba lingebaki kwenye jembe lililolilima miaka kumi na tisa.

Lakini mama alishaniambia. Nilikuwa darasa la sita, tunatwanga mtama, wala sikumuuliza. Aliniambia kwamba kama angeulizwa, angesema hapana, kisha akaniomba nisimwambie Mogesi kamwe.

“Fundi,” Nyangi akasema. “Nakusubiri wewe.”

Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika sita kufika saa kumi.